Shajara ya Mradi: Maji ya Ghuba ya Winam na Zooplanktoni Wanaobebwa Nayo

Swali lililozaa mradi huu niliulizwa katika ufuo wa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, na nahodha ambaye amevua omena tangu ujana wake: kwa nini usiku mmoja taa hujaza mashua, na usiku wa pili, mahali palepale, kukiwa bado hakuna mwezi na taa ikiwa ileile, wavu hurudi mtupu? Nilimjibu kwamba omena, ambao jirani zetu wa Mwanza huwaita dagaa, hufuata chakula, na kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ni zooplanktoni, yaani wanyama wadogo mno, wengi wao wasiofika milimita mbili, ambao huelea majini na kuogelea kidogo tu, pasipo nguvu ya kushindana na mkondo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa, mwalimu, hicho chakula nacho huhamishwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Shajara hii, ninayoiandika kila mwisho wa juma, ni kumbukumbu ya jinsi tunavyolitafuta jibu hilo, watu watatu na mashua moja ya kukodi.

Wiki ya 1

Wiki yote ilikwisha katika kusoma, na karibu kila nilichosoma kilitoka baharini, kwa kuwa huko ndiko uhusiano wa mikondo na zooplanktoni ulikochunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika kati ya mwaka 1959 na 1965, meli za mataifa mbalimbali zilikubaliana kutumia wavu wa aina moja, uliovutwa kutoka kina cha mita 200 hadi juu, ili sampuli za meli moja ziweze kulinganishwa na za nyingine. Sampuli hizo zilikusanywa Cochin, India, zikapangwa huko. Nimeliandika jambo hili mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu uamuzi wa kutobadilisha wavu katikati ya kazi ndio tulioukubali kabla ya mwingine wowote.

Habari ya Mkondo wa Somalia ilinivutia kwa sababu inaeleweka kwa maneno ambayo watu wa pwani yetu wamekuwa nayo siku zote, kaskazi na kusi. Kusi inapovuma, mkondo huo hukimbia kuelekea kaskazini, hupinda ukaiacha pwani, na sehemu yake hujikunja ikawa mzunguko wa maji wenye upana wa kilomita mia kadhaa, ambao wataalamu huuita Mzunguko Mkuu; pembeni mwake maji baridi yenye rutuba huibuka kutoka chini. Kaskazi inaporudi, mkondo nao hugeuka. Yuko kopepodi mmoja (kopepodi ni mnyama mdogo mno wa jamii ya kamba), Calanoides carinatus, ambaye amefungamanisha maisha yake na kalenda hiyo. Wakati wa kusi hula na kuzaana katika maji yaliyoibuka, na msimu unapokwisha, wale wachanga waliofikia hatua moja tu kabla ya utu uzima hushuka mamia ya mita kwenda chini, miili imejaa mafuta, wakakaa huko karibu bila kula mpaka upepo ubadilike tena.

Simulizi nyingine iliyonikaa akilini ni ya Atlantiki. Katika miaka ya 1970 Peter Wiebe na wenzake walifuatilia mizunguko ya maji baridi inayokatika kutoka Mkondo wa Ghuba, mashariki mwa Marekani. Mzunguko kama huo hukatika ukiwa umefungia ndani yake maji ya kaskazini pamoja na wanyama wake, ukaingia nao katika Bahari ya Sargasso, ambako maji ni ya joto na chakula ni haba. Mwanzoni wanyama wale huishi kana kwamba bado wako kwao. Miezi inavyopita, maji ya juu ya mzunguko hupata joto, na krili, mnyama mdogo anayefanana na kamba, aitwaye Nematoscelis megalops hushuka chini zaidi na zaidi akiufuata ubaridi, akaingia katika kina ambacho hakina chakula cha kumtosha, akadhoofika, na hatimaye akatoweka kabisa katika mzunguko huo. Ni kama abiria aliyelala ndani ya matatu akapitishwa kituo chake, isipokuwa huyu hana gari la kumrudisha.

Wiki ya 2

Wiki hii nilifuta kurasa nne za mpango wa kazi, na sijutii hata moja.

Nilikuwa nimedhani kwamba Ghuba ya Winam ni bahari iliyopunguzwa, na kwamba tungeitafuta mizunguko midogo ya aina ileile inayopatikana katika Mlango-bahari wa Msumbiji, tukachukua sampuli katikati na pembeni, basi. Katika nusu ya kusini ya dunia, mzunguko wa baharini unaofuata mwelekeo wa mishale ya saa huinua maji ya chini katikati yake na kuleta rutuba mahali penye mwanga, na unaokwenda kinyume chake huyakusanya maji ya juu na kuyasukuma chini. Lakini mpangilio huo wote umesimama juu ya kuzunguka kwa dunia, yaani nguvu ya Coriolis, ambayo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe haipo kabisa kwa maji yanayokwenda mlalo.

Nikafanya hesabu. Kipimo kimoja kinachofaa ni muda ambao maji yaliyosukumwa na kisha kuachwa yangetumia kukamilisha duara moja kwa nguvu ya kuzunguka kwa dunia peke yake. Kwenye latitudo ya digrii 20 kusini, katika Mlango-bahari wa Msumbiji, muda huo ni saa 35 hivi. Kisumu iko karibu sehemu moja ya kumi ya digrii kusini ya ikweta, na hapa muda huo ni zaidi ya miezi 9. Hata Homa Bay, upande wa kusini wa ghuba, unakaribia miezi 2. Hakuna upepo wa Winam unaovuma bila kubadilika kwa muda huo. Upepo wetu hubadilika mara mbili kwa siku, na msuguano wa maji na sakafu ya ghuba hii isiyo na kina huua mwendo wowote muda mrefu kabla dunia haijapata nafasi ya kuupinda.

Kwa hiyo mizunguko ya maji ya Winam ipo, kila mvuvi ameiona, lakini si ndugu wa ile ya Msumbiji. Hii yetu huzaliwa na upepo, rasi, visiwa na midomo ya mito, na chanzo chake kikikoma nayo hufifia. Swali likabadilika papo hapo. Haina maana kuuliza kama mzunguko fulani unainua maji au unayashusha kwa sababu ya upande unaoelekea. La maana ni kuuliza unayaweka maji mahali pamoja kwa muda gani, na muda huo ukilinganishwa na umri wa wanyama waliomo unatosha kufanya nini. Rotifa, walio wadogo kuliko wote, huweza kutoka yai hadi kutaga mayai katika siku chache kwenye maji ya joto kama yetu. Kladosera, yaani viroboto wa maji, huhitaji muda mrefu kidogo, na kopepodi wanaotawala ziwa hili, wa jamii ya Thermocyclops, huchukua takriban wiki mbili au tatu kufikia utu uzima. Maji yanayokaa mahali kwa siku tano yanaweza kulea kizazi kizima cha rotifa, na yasilee hata nusu ya utoto wa kopepodi mmoja. Nikaandika sentensi hiyo kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza.

Wiki ya 3

Vifaa. Wavu wetu una mdomo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 30 na matundu ya maikromita 60, madogo kiasi cha kuwazuia rotifa wengi. Kitambaa chake kiliagizwa, lakini ukosi wa turubai ulishonwa na fundi wa soko la Kibuye, ambaye alitaka kwanza kujua ni samaki gani mwenye thamani ya kuvuliwa kwa kitambaa cha bei hiyo. Maboya ya kufuata mkondo tuliyaunda kwa mabati mawili yaliyopishanishwa kama msalaba, yanayoning'inia mita moja chini ya uso wa maji, na juu yake mtungi wa mafuta ya kupikia uliojazwa maji mpaka ukabakiza shingo tu, ili upepo usipate pa kushika. Kifaa cha kupima upitishaji wa umeme tulikipeleka kwa fundi mmoja mjini, kikarudi kikiwa kimelipiwa na bado hakifanyi kazi, tukaazima kingine.

Jambo dogo ambalo anayeanza kazi hii angefaa kulijua mapema: formalini ya asilimia 4 huwahifadhi wanyama vizuri, lakini kladosera hufura ndani yake, magamba yakafunguka na mayai yakamwagika, hivyo huwezi tena kujua yai ni la nani. Sukari ikiyeyushwa ndani ya formalini hulizuia hilo kwa kiasi kikubwa. Muuza duka aliponiuliza kilo mbili za sukari ni za chai ya watu wangapi, sikuona njia ya kumweleza.

Wiki ya 4

Safari ya kwanza ilikuwa na faida moja, nayo ni kutufundisha kutoamini hesabu ya wavu. Kwa hesabu, mdomo wa sentimita 30 ukivutwa wima kwa mita 4 huchuja lita 283 za maji. Lakini nje ya Kisumu maji yalikuwa ya kijani kibichi kama uji wa mboga, kwa wingi wa bakteria wa kijani-buluu, hasa Microcystis, na baada ya mita mbili za kwanza matundu yaliziba, wavu ukageuka ndoo inayosukuma maji mbele yake. Sampuli iliyopatikana hivyo ingeonyesha kwamba wanyama ni wachache mahali ambapo huenda ni wengi kupindukia. Tumeamua kuvuta mivuto mifupi ya mita moja moja katika maji mazito, kuuosha wavu kila mara, na kupima pia kwa maji yaliyotekwa kwa chombo chenye ujazo unaojulikana, ili kila mvuto upate shahidi wa pembeni. Sampuli zote za siku hiyo nimezitupa, ingawa vijana wangu walinung'unika.

Wiki ya 5 na ya 6

Hizi ndizo wiki za maboya, na nitaziandika kwa urefu.

Tuliyatia majini maboya sita asubuhi, mstari mmoja kutoka Dunga kuelekea katikati ya ghuba, na mpaka saa tano yalikuwa hayajaenda popote pa kutajika. Saa saba na nusu upepo wa ziwa ulianza kuvuma kutoka magharibi, kama unavyofanya siku nyingi: nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba maji ya juu hukimbia kwa asilimia 2 hadi 3 ya kasi ya upepo, kwa hiyo upepo wa mita 5 kwa sekunde huyasukuma maji mita 360 hadi 540 kwa saa. Kwa macho mwendo huo hauonekani, lakini kwa mnyama wa milimita moja ni safari kubwa. Maboya manne yalielekea mashariki, upande wa mji, jinsi tulivyotarajia. La tano lilizunguka nyuma ya ncha ya nchi kavu kwa muda wote uliobaki wa mchana, likirudi karibu na mahali lilipoanzia. La sita lilimezwa na gugumaji.

Kuhusu gugumaji inabidi niseme jambo, kwa kuwa kila mtu hapa huyatumia kama kipimo cha mkondo. Visiwa vya gugumaji vinapohamia Kisumu watu husema maji yamegeuka. Majani yake, hata hivyo, yamesimama juu ya maji kama tanga, na kinachoyapeleka zaidi ni upepo wenyewe. Maji yaliyo mita moja chini yake yanaweza kuwa yanakwenda polepole zaidi, au hata upande mwingine. Nilimwambia nahodha hivyo nikitarajia kupingwa. Akajibu kwamba hilo analijua tangu zamani, kwa sababu nyavu zake zilizotegwa chini huwa zimepinda upande usiofanana na wa gugumaji, na akashangaa kwamba lilihitaji maboya ya mabati.

Boya la tano ndilo lililotusumbua akili. Usiku ule, nikiwa nimeketi na kikombe cha chai ya rangi ambayo haikuchujwa vizuri, niliikoroga, nikaona majani yakijikusanya katikati ya kikombe badala ya kutupwa pembeni. Mwaka 1926 Albert Einstein aliandika maelezo ya jambo hilihili alipokuwa akieleza jinsi mito inavyopinda: maji yaliyogusana na kitako cha kikombe hupunguzwa mwendo na msuguano, yakashindwa kuhimili msukumo unaotoka ukingoni, yakavutwa kuelekea katikati, na huko yakapanda. Katika bahari yenye kina cha mita elfu kadhaa, kitako kiko mbali mno na mzunguko haukihisi. Katika ghuba ya mita chache, mzunguko wote ni kikombe. Eric Wolanski na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba nyuma ya kisiwa cha Rattray, Australia, katika maji yasiyo na kina kirefu, msuguano wa sakafu ndio unaotawala tabia ya mizunguko ya namna hii. Hivyo nilikuwa nimekosea nusu nilipofuta zile kurasa nne: mizunguko ya Winam inaweza kuinua maji ya chini katikati yake pasipo msaada wa kuzunguka kwa dunia, na inaweza kufanya hivyo ikielekea upande wowote ule.

Tulirudi mahali pa boya la tano siku tatu zilizofuata. Siku mbili mzunguko ulikuwepo, ya tatu upepo ulikuwa dhaifu na haukutokea. Muda mrefu kuliko yote tuliouona ukidumu ni mchana mmoja. Kwa kopepodi huo si muda wa kulea watoto; ni muda wa kukusanywa tu.

Zaidi ya hapo tuliona, upepo ulipokolea, mistari ya povu na mwani iliyonyooka kufuata upepo, iliyoachana mita chache. Irving Langmuir aliiona mistari kama hiyo ya magugu ya Sargassum alipokuwa akivuka Atlantiki mwaka 1927, akaieleza kwa maandishi mwaka 1938: chini ya uso maji hujiviringisha kama magogo yaliyolazwa sambamba, na pale magogo mawili yanapokutana maji huzama, yakiacha juu kila kinachoelea. Mnyama anayeogelea kuelekea juu kwa nguvu zinazotosha kushinda maji yanayozama naye hubaki hapo. Tulichukua sampuli ndani ya mstari na nje yake. Chupa ya ndani ilikuwa ya kijani zaidi, lakini kijani ni mwani, nami sitaandika neno juu ya wanyama mpaka zipite chini ya hadubini.

Wiki ya 7

Luanda Kotieno hadi Mbita kwa feri, kisha mashua ya kukodi. Mlango wa Rusinga ndio njia ya ghuba kwenda ziwa kuu, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800, wakati ghuba yenyewe ina takriban 1,400. Njia nyingine, kati ya kisiwa cha Rusinga na Mbita, ilizibwa kwa tuta la barabara katika miaka ya 1980, na daraja lililojengwa baadaye likarudisha pengo ambalo maji hupitia. Abiria wa feri wasio na habari za utafiti wowote walikuwa wakionyeshana mahali maji yanapobadilika kutoka kahawia ya kijani kuwa meusi zaidi na safi zaidi. Kifaa cha kuazima kilithibitisha walichokiona: maji ya ghuba, yaliyobeba chumvichumvi za mito na za mji, hupitisha umeme kuliko maji ya ziwa kuu, na kadiri tulivyoelekea magharibi namba zilishuka hatua kwa hatua. Kwetu sisi tofauti hiyo ni bora kuliko boya, kwa kuwa hueleza maji yametoka wapi hata kama hatukuwepo yalipoanza safari. Diski nyeupe ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji, iliyotupotea machoni mapema sana nje ya Kisumu, hapa tuliishusha kamba nyingi kabla haijafifia.

Wiki ya 8 na ya 9

Hadubini, chumba kidogo, feni moja. Kila mara mililita moja ya sampuli huwekwa katika kisahani cha kioo chenye urefu wa milimita 50, upana wa 20 na kina cha 1, kisha huhesabiwa mstari kwa mstari.

Sura ya jumla ilijitokeza mapema. Karibu na Kisumu rotifa walikuwa wengi, wa jamii za Brachionus na Keratella, pamoja na kladosera wadogo kama Moina micrura. Kopepodi walikuwepo kwa wingi lakini wengi wao walikuwa wachanga sana, wale wa umbo la yai wenye jozi tatu za miguu. Upande wa Mlango wa Rusinga rotifa walipungua, na Thermodiaptomus galeboides, kopepodi mwenye vipapasio virefu, akaanza kuonekana mara kwa mara. Kijana mmoja wa timu aliruka kitini akisema nadharia ya umri wa maji imethibitika: maji ya haraka ni ya rotifa, maji ya kukaa ni ya kopepodi.

Ilibidi nimkalishe. Kwanza, sijui kwamba maji ya Kisumu ni ya haraka. Pembe ya ndani ya ghuba ndiyo iliyo mbali zaidi na mlango wa kutokea, na huenda ndiko maji yanakokaa kwa muda mrefu kuliko kote. Pili, samaki wanaokula kwa kutumia macho huwatafuna wanyama wakubwa kwanza na kuwaachia wadogo nafasi, na hilo peke yake linaweza kuleta sura hiyohiyo bila mkondo kuhusika. Tatu, mwani ulioganda kwa mafundo huwasumbua baadhi ya wanyama wachujaji kuliko wengine. Sababu tatu zinazoelekea upande mmoja ni vigumu kuzitenganisha kwa ramani pekee. Kinachoweza kuzitenganisha ni umri: katika sehemu ambayo maji yanakaa tungetarajia kukuta kopepodi wa hatua zote, kuanzia wachanga hadi majike yenye vifuko vya mayai, na katika sehemu ambayo mkondo unakusanya wageni tungetarajia hatua moja au mbili zizidi kupita kiasi, kwa sababu wageni huja wakiwa wa kimo kinachofanana na kuelea kunakofanana. Tumeanza kuhesabu upya kila kopepodi kwa hatua yake. Ni kazi ya kuumiza shingo.

Sampuli za mistari ya povu zimekwisha kuhesabiwa. Kladosera walikuwa wengi zaidi ndani ya mstari kuliko nje, na rotifa walikuwa karibu sawa pande zote mbili, jambo linaloeleweka, kwa kuwa rotifa hana nguvu ya kupambana na maji yanayozama. Mistari hiyo ilichukuliwa mchana mmoja tu, kwa hiyo itarudiwa.

Wiki ya 10

Jambo lililonishika wiki hii halikutoka majini. Lilitoka katika kuweka saa mbili kwenye karatasi moja.

Saa ya kwanza ni ya upepo. Mchana hutoka magharibi na huwa na nguvu, usiku na alfajiri hutoka nchi kavu, mashariki, na huwa mpole. Mashua za tanga za ghuba hii hutoka kabla ya mapambazuko na kurudi mchana kwa kuufuata mpango huo. Upepo wa mchana unaposukuma maji ya juu kuelekea Kisumu, maji hayo hayawezi kurundikana bila mwisho, kwa hiyo mengine hurudi magharibi yakipita chini. Saa ya pili ni ya wanyama. Zooplanktoni wengi, baharini na maziwani, hushuka chini mchana kuwakwepa samaki wenye macho, na usiku hupanda kula.

Ziunganishe. Mchana, mnyama anayeshuka hukaa katika maji ya chini, ambayo yanakwenda magharibi. Usiku hupanda juu, ambako upepo wa nchi kavu nao unayapeleka maji ya juu magharibi. Saa zote mbili zinamsukuma upande mmoja, atoke ghubani. Asiyeshuka, kwa mfano rotifa anayekaa juu mchana kutwa, husukumwa mashariki na upepo wenye nguvu, akarudishwa nusu njia na ule dhaifu, na mwishowe hujikuta karibu na mji. Mbele ya pwani ya Oregon, Marekani, William Peterson na wenzake walieleza mwaka 1979 jinsi kopepodi wanavyotumia tabaka mbili za maji zinazokwenda pande tofauti ili wasichukuliwe mbali na pwani. Hapa kwetu mpangilio uleule wa tabia, kwa sababu ya kalenda tofauti ya upepo, ungewafukuza.

Hii ni hesabu ya karatasi, na ina tundu moja kubwa: katika maji ya mita nne yaliyo machafu kiasi hiki, giza huanza karibu na uso, na huenda mnyama haoni haja ya kushuka. Kama hashuki, saa ya pili haipo. Hilo linapimika. Sampuli za juu na za chini, mchana na usiku, mahali pamoja, zitatoa jibu bila kuhitaji boya hata moja.

Wiki ya 11

Maandalizi ya safari ya usiku. Nahodha alikataa katakata kituo tulichokichagua karibu na mafunjo ya Dunga, kwa kuwa viboko hutoka hapo kwenda malishoni usiku na kurudi alfajiri, na mashua yetu ni nyepesi. "Mwalimu, mkondo utausubiri, kiboko hatakusubiri," alisema, na kituo kimesogezwa mbali na ufuo.

Uchaguzi wa usiku umetuchukua muda mwingi kuliko nilivyotazamia, na sababu ni mwezi. Maciej Gliwicz alieleza mwaka 1986, kutokana na bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji, jinsi zooplanktoni wanavyonaswa katika siku chache baada ya mwezi mpevu: giza huingia, wanyama hupanda juu wakidhani wako salama, kisha mwezi huchomoza wakiwa tayari juu, na dagaa wa bwawa hilo huwala kwa wingi mno. Tukichukua sampuli katika usiku wa namna hiyo tutapata wanyama wachache juu na kudhani kwamba mkondo umewaondoa, kumbe wameliwa. Usiku usio na mwezi kabisa nao una tatizo lake, kwa maana ndio usiku wa taa za omena, na taa huvuta wanyama kuliko mkondo wowote. Suluhisho lilitoka kwa nahodha mwenyewe, aliyetukumbusha kwamba kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa, na ghuba huwa haina taa. Ila kwa tarehe hizo yeye huwa hana kipato, kwa hiyo tumekubaliana naye malipo ya safari nne za usiku wa giza, mbili kabla ya kusi ya Juni kulichanganya ziwa kuu na mbili baadaye, kila moja ikiwa na mivuto ya juu na ya chini saa tisa mchana na saa tisa usiku.

Chupa arobaini na nane zimeoshwa na kuandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka katika formalini. Sukari imekwisha, nitapita dukani kesho.